Kazi mpya itangulie, ndipo makaa ya mawe yaachwe

Mhariri, wiki hii mmetuuliza kama mikoa yetu ya Tanzania yenye makaa ya mawe iyaache na kugeukia nishati jadidifu. Nasema ndiyo, lakini kazi mpya ifike kwanza.

Tuangalie makaa yetu yanakokwenda. Mgodi wa Kiwira ulijengewa mtambo wa umeme wa megawati 6 tu. Ya Ngaka kule Mbinga, yanayochimbwa tangu 2011, huishia kwenye matanuri ya saruji, na miaka hii kwenye meli bandarini Mtwara. Umeme wetu mwingi ni wa maji na gesi. Kwa hiyo hata tukiezeka kila paa kwa paneli za jua, malori ya makaa hayatapungua. Pita jioni yanapolala: turubai zimekazwa kamba, kijana kalala uvunguni, grisi hadi kwenye viwiko, na mama ntilie anahesabu sahani za wali maharage alizokopesha mpaka mzigo ushushwe. Hao ndio wanaoishi kwa makaa, na mipango mingi haiwataji.

Afrika Kusini wameshaonja. Kituo cha Komati, mkoani Mpumalanga, kilichoanza kuzalisha umeme 1961, kilizimwa Oktoba 2022. Waajiriwa wa Eskom, shirika la umeme la huko, wengi walihamishiwa kwingine. Vibarua wa makandarasi na wenye vibanda walibaki, huku mafunzo na miradi waliyoahidiwa ikija nyuma ya kufungwa. Naomba sana yasitufike.

Sisi tuna bahati ya joto la ardhi. Kampuni ya serikali ya jotoardhi, TGDC, inalifuatilia kule Ngozi na Kiejo-Mbaka, hapa hapa Mbeya. Mvuke unataka wachora ramani za miamba, wachoronga visima, mafundi pampu, wachomelea mabomba. Aliyezoea mgodini hapo haanzi sifuri.

Ila tusidanganyane kuhusu ajira. Mufindi wana umeme wa maji wa Mwenga, megawati 4, tangu 2012, na mwaka 2020 ikaongezwa mitambo mitatu ya upepo, megawati 2.4. Ni kazi nzuri mno, lakini mtambo ukishasimama unahitaji mafundi wachache na walinzi. Ajira nyingi zitatoka kwenye matumizi ya nishati hiyo: vyumba vya baridi vya parachichi za Rungwe, vikaushio vya chai na matunda vinavyotumia joto la visima vya mvuke moja kwa moja bila kuchoma kuni. Hapo ndipo fedha ziende.

Na mkaa wa kupikia unaotengenezwa kwa makaa ya Kiwira, hata kama unaokoa miti, mimi siuhesabu kuwa mageuzi. Bado ni makaa ya mawe.

Ninachodai ni hiki: sehemu ya mrabaha wa kila tani ya makaa itengwe tangu sasa, vyuo vya ufundi vya VETA vianze kufundisha uchorongaji na matengenezo ya mitambo ya mvuke, na nafasi za kwanza wapewe vijana wa Ileje, Kyela na Mbinga, wakiwemo wale wa uvunguni mwa malori ambao hawana cheti chochote.

Msomaji wenu, Tukuyu