Tairi la nyuma likichoka, usilihamishie mbele

SWALI: Shikamoo fundi. Naendesha Boxer 150 ya mkataba hapa Mkuranga. Tairi la mbele liko mwaka wa tatu sasa. Katikati mifereji imekaribia kwisha, pembeni bado ipo. Siku hizi nikifika mwendo wa 60 linavuma na usukani unacheza mikononi. Fundi wa kijiweni kwetu anasema la mbele halina kazi kubwa, nivumilie mpaka nibadilishe la nyuma, halafu hilo la nyuma nilihamishie mbele. Nikishindwa kusubiri, yuko tayari kunichongea mifereji upya. Ni kweli inawezekana? Na nitajuaje kuwa limefika mwisho?
Msomaji, Mkuranga

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hilo tairi limekwisha. Livue wiki hii, na usimpe mtu nafasi ya kulishika kwa kisu.

Habari ya mifereji kazi yake nini nitaipita, maana wewe unashinda juu ya pikipiki. Nataka tuzungumze neno la fundi wako, kwamba la mbele halina kazi kubwa. Nalisikia karibu kila siku hapa gerejini Morogoro, na kila nikilisikia moyo unanishtuka, kwa sababu anayelisema mara nyingi ndiye huyo huyo anayepakia mtoto wa shule juu ya tangi asubuhi.

Najua lilikotoka. Tairi la nyuma ndilo linalovutwa na cheni, ndilo lililobeba abiria na kiroba cha mihogo, ndilo linaloburuzwa na breki ya mguu kutwa nzima. Linaisha upesi. Dereva anabadilisha la nyuma mara mbili au tatu, akitazama mbele tairi ni lile lile alilokuja nalo toka dukani. Basi anaamua kuwa la mbele halifanyi kazi. Mimi huwa namwuliza: breki ya mbele unaitumia? Wengi hunyamaza. Wengine wananiambia bila kuficha kwamba waya wake waliulegeza wenyewe, kwa kuwa "breki ya mbele inaua". Sasa tairi ambalo hulipi kazi yake litaachaje kudumu? Kudumu kwake hakukuambii kwamba halihitajiki. Kunakuonyesha kwamba pikipiki yako inasimama kwa nguvu pungufu.

Fikiria unavyofunga breki ghafla. Abiria anakujia mgongoni, kifua chake kinakusukuma, shokapu za mbele zinazama. Uzito wote umekimbilia mbele. Nyuma kumebaki kwepesi, ndiyo maana tairi la nyuma linafunga na kuburuza lami bila kukusimamisha. Kwenye lami kavu, sehemu kubwa ya nguvu ya kusimama, asilimia 70 na hata zaidi, inatoka kwenye tairi la mbele. Hapo sijagusa kona. Pikipiki inapindishwa na kale kaeneo ka mpira wa mbele kanakogusa ardhi, kadogo kama kiganja cha mtoto.

Kuna tofauti nyingine ambayo kila aliyeanguka anaijua. Tairi la nyuma likiteleza, mkia unayumba, unaachia breki, unarudisha mwili, mara nyingi unapona. La mbele likiteleza huna muda huo. Usukani unajikunja, unasikia bega liko chini kabla akili haijajua kilichotokea. Kwenu huko mchanga unasombwa na maji ya mvua unakuja kulala juu ya lami, na mvua ya kwanza baada ya kiangazi inachanganya vumbi na mafuta yaliyodondoka barabarani. Kwenye hali hiyo tairi lenye kipara mbele ni sawa na kutembea na kandambili juu ya sakafu yenye sabuni.

Haya, tuje kwenye kuhamisha. Tairi la nyuma lililotumika limeharibika umbo: katikati limekuwa bapa kama ubao kwa sababu ya mzigo na njia zilizonyooka. Ukilifunga mbele, kila unapotaka kulala kwenye kona linang'ang'ania kusimama, kisha linaangukia ubavuni kwa ghafla. Utasema pikipiki imekuwa nzito usukani, utampelekea fundi, naye atakukazia beringi mpaka usukani ugome. Boxer yako hutoka na 2.75-17 mbele na 3.00-17 nyuma. Rimu zote ni inchi 17, kwa hiyo la nyuma litaingia mbele bila tabu, na hapo ndipo mtego ulipo. Kuingia kwenye rimu si ruhusa. Tairi la mbele huchorwa mistari inayozunguka kulifuata gurudumu, ili lishike njia na kusukuma maji pembeni. La nyuma lina kashata za kukwangua na kusukuma. Mshale wa mwelekeo ulioko ubavuni nao huwa hautazamwi kabisa na hawa wanaohamisha.

Kuhusu kuchonga, nitasema waziwazi: anayechonga tairi la pikipiki anauza ajali. Yapo matairi ya malori yaliyoundwa makusudi yachongwe, yamewekewa mpira wa akiba chini ya mifereji na yameandikwa hivyo ubavuni. La pikipiki yako halina akiba hiyo. Chini ya mfereji kuna mpira mwembamba, kisha nyuzi za nailoni zinazolishika tairi lisipasuke. Kisu kinachoongeza kina cha mfereji kinaupunguza mpira huo huo.

Aliwahi kuja kwangu kijana kutoka Chalinze, analalamika tairi la mbele linapoteza upepo. Kwa mbali lilikuwa zuri, mistari imenyooka, jeusi, unaweza kudhani jipya. Nililizungusha taratibu juani. Ndani ya mfereji mmoja niliona kitu cheupe kama uzi wa kiroba. Nikapitisha ukucha, uzi ukainuka. Nikaendelea kuzungusha, mahali pengine kisu kilikuwa kimeshazikata nyuzi zenyewe, na tyubu imeanza kutoa kijivimbe pale, laini kama shavu. Alikuwa amekuja na abiria. Nilimwonyesha kwa kidole, akakaa chini kwenye benchi bila kusema kitu. Aliyemchongea alimwambia kazi hiyo itampeleka miezi sita.

Sasa swali lako la pili, utajuaje. Ubavuni mwa tairi, juu karibu na mpira unaokanyaga barabara, tafuta herufi TWI, yaani alama ya kuonyesha tairi limechakaa, au pembetatu ndogo. Fuata kutoka hapo moja kwa moja mpaka ndani ya mfereji, utakuta kidaraja cha mpira kilichokatiza. Kwenye matairi mengi ya pikipiki kidaraja hicho kina kimo cha milimita 0.8. Mpira ukishuka ukalingana nacho, kazi imekwisha. Uingereza sheria inadai pikipiki iwe na angalau milimita 1. Mimi kwa tairi la mbele nashauri ubadilishe likifika milimita 2, hasa kama masika yanakaribia, kwa sababu kutoka 2 kwenda 0.8 uwezo wa kutoa maji unapotea haraka kuliko jicho linavyoona. Huna kipimo? Simamisha njiti ya kiberiti ndani ya mfereji, weka alama kwa ukucha, kapime kwenye rula ya mtoto wa shule. Pima katikati na sehemu tatu tofauti za mzunguko. Mifereji ya pembeni unayojivunia haina ushahidi wowote, pembeni unapakanyaga kwenye kona tu.

Kina si kila kitu. Tairi linaweza kuwa na mifereji mirefu na likawa limekufa. Ubonyeze mpira kwa ukucha: ukiwa mgumu kama kwato, na kuna nyufa ndogo ndogo katikati ya mifereji au ubavuni, jua limelichoma. Ubavuni tena kuna msimbo unaoanza na DOT, na tarakimu nne za mwisho ndizo tarehe: 2321 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2021. Likizidi miaka mitano likague mara kwa mara hata kama linaonekana zima. Isome tarehe hiyo dukani pia kabla hujatoa pesa, maana kuna matairi yametundikwa nje ya duka juani miaka, yanapakwa rangi ya viatu yang'ae.

Huko kuvuma na kucheza kwa usukani kunanipa wasiwasi zaidi ya mifereji yenyewe. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, inua mbele, pitisha kiganja juu ya tairi polepole kuelekea upande mmoja, kisha rudi upande wa pili. Ukiona upande mmoja linateleza na upande mwingine linakukwaruza kama msumeno, limekula mawimbi, na hapo ndipo sauti inatoka. Mawimbi hayo yana chanzo. Shika shokapu zote mbili kwa chini, sukuma na kuvuta: ukisikia kitu kinagonga kidogo kwenye shingo ya usukani, beringi za usukani zimelegea au zimekwisha. Shika gurudumu juu na chini, litikise: likicheza, beringi za gurudumu. Gonga spoki moja moja kwa spana ndogo, ile inayotoa sauti ya kufa imelegea. Angalia kama shokapu inavuja mafuta. Ukifunga tairi jipya bila kuyagusa hayo, nalo litaliwa vile vile, halafu utasema umeuziwa feki.

Lako limeisha zaidi katikati. Lami ya barabara ya Kilwa imenyooka, hiyo ni sehemu ya sababu. Nyingine nahisi ni upepo. Vijana wetu wa pancha wanajaza mpaka tairi likigongwa lilie, au wanabonyeza kwa kidole gumba wanasema "freshi". Kidole hakipimi. Pikipiki za aina yako mbele hukaa kwenye psi 25 hivi (psi ndicho kipimo cha upepo kwenye geji), nyuma 28 ukiwa peke yako na 32 ukipakia. Soma kitabu cha pikipiki yako au kibandiko chake uhakikishe, kisha nunua geji yako mwenyewe uiweke chini ya kiti, upime asubuhi kabla tairi halijapata moto. Upepo ukizidi linachakaa katikati na kurukaruka, ukipungua linaliwa pembeni na rimu inapondeka kwenye mashimo.

Ukinunua jipya, chukua saizi ile ile, lenye mchoro wa mbele, ufuate mshale. Badilisha na tyubu, usirudishe ya zamani: imeshatanuka, itajikunja ndani na mikunjo hiyo ndiyo inayopasuka. Hakikisha utepe wa rimu upo, unaozuia vichwa vya spoki visitoboe. Fundi atumie maji ya sabuni kulainisha, asitumie grisi wala oili. Na kilomita 100 hadi 150 za mwanzo nenda taratibu, mpira mpya una utelezi mpaka uso wake ukwanguke.

Kisha rudisha breki yako ya mbele. Nasema hivi kwa wote wanaosoma, maana nawaona kwenye vijiwe. Breki ya mbele haijawahi kumuua mtu aliyeikaza polepole kwa vidole viwili juu ya tairi zima, usukani ukiwa umenyooka. Inaangusha inapokamatwa ghafla, kwenye kona, kwenye mchanga, au juu ya tairi lenye kipara. Mtu anaanguka kwa tairi bovu, lawama inakwenda kwa breki, breki inafungwa, tairi linaachwa. Na yule fundi aliyefungua waya anaonekana ameokoa maisha. Jaribuni kwanza mahali pa wazi bila abiria, mwendo wa 20, mkiikaza kidogo kidogo na ya mguu pamoja, mpaka mkono uzoee.

Nawaomba na matajiri wa pikipiki. Mnapiga simu saa mbili usiku kuulizia hesabu, ulizeni na tairi. Mikataba mingi ninayoletewa matengenezo yote yameachwa kwa dereva, na dereva anayebanwa na hesabu ya kesho atamsikiliza mwenye kisu kabla ya kunisikiliza mimi. Tairi la mbele, kwa namna mnavyotembea, mtalinunua mara chache sana kuliko la nyuma.

Wewe mdogo wangu, ongea na mwenye pikipiki leo, mwonyeshe ile njiti ya kiberiti. Kabla hujafunga jipya, beringi za usukani zikaguliwe na fundi mwingine, asiwe huyo wa kijiweni. Na hilo la zamani ukishalivua usiliache pale kwa fundi. Likate kwa msumeno vipande viwili, ukatishe na ile waya ya pembeni, ili lisije likachongwa likafungwa kwa mwenzako. Tyubu ichane mikanda, itakufaa kufungia mizigo.