Shida ya Pevingi Zako Ni Maji, Siyo Majani

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Dada, pevingi nimeweka mwaka jana tu, ndago zimeshatoboa. Nimwage chumvi au nipulizie dawa?" Nimemjibu haraka kwamba chumvi asimwage. Jibu refu ndilo hili, maana najua wengi wenu mmejenga kwa kujinyima kama mimi, na siku pevingi zinaposhushwa getini unajiona kweli sasa una kwako.

Mimi niko Goba, Dar es Salaam, kwenye mteremko. Nyumba iko chini ya barabara, kwa hiyo mvua ikinyesha maji ya mtaa mzima yanapitia kwangu kusalimia. Fundi wa kwanza alikuja na maneno matamu: atatandika nailoni, juu yake mchanga, juu yake pevingi, "na majani utayasahau, mama". Nilimpikia mpaka chapati. Kazi ilipoisha uwanja ulikuwa unang'aa, nikapiga picha nikatupia kwenye grupu la familia. Wengi wakapongeza. Mmoja akaandika, "Hizo hela si ungemalizia fensi kwanza?" Huyo sijamsahau.

Vuli haijaisha, dimbwi likatokea katikati, pale pale matairi yanapopita. Nyuma ya tanki la maji, kusikofika jua, kukaota ukoga wa kijani, laini kama zulia. Masika ilipoingia, mama mkwe akateleza hapo na beseni lake la nguo. Hakuvunjika, tunashukuru. Lakini mama mkwe akianguka uwanjani kwako, habari inafika Moshi kabla hajainuka. Nikampigia fundi: simu haipatikani. Haijapatikana mpaka leo.

Fundi wa pili, mzee mmoja mpole, hata majani hakuyagusa. Aliomba ndoo ya maji, akaimwaga getini, akasimama mikono nyuma kuangalia yanakokwenda. Yakafika katikati, yakatulia. Akachukua kipande cha nondo, akang'oa pevingi moja. Mchanga wa chini ulikuwa umegeuka tope jeusi lenye harufu, na chini yake nailoni imeshikilia maji hayana pa kwenda. Ndago ilikuwa imeitoboa ile nailoni kwa ncha yake nyeupe, kali. Alipoifuata chini akatoa kiazi cheusi, kidogo, kimeunganishwa kwa uzi mwembamba na kingine, na kingine tena.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kung'oa kulikuwa hakunisaidii. Ukivuta majani ya ndago, viazi vinabaki ardhini na vinachipua upya. Magugu mengine mengi hata hayatoki chini: mbegu huletwa na upepo, zikaota kwenye vumbi lililojaa katikati ya pevingi. Sasa jiulize nailoni inafanya kazi gani. Ndago inaitoboa, mbegu zinaota juu yake. Inachozuia ni maji tu, na hayo ndiyo tuliyotaka yashuke. Kuvumwani nayo, ule ukoga wa kijani, haina mizizi ya kweli. Inafyonza unyevu kwa mwili wake. Ukiikwangua ukaacha unyevu, itarudi.

Tukafumua pale palipotitia. Nailoni ikatoka, tope likatoka, ikaingia moramu, ule udongo wenye changarawe, iliyoshindiliwa kwa mashine tabaka kwa tabaka, kisha mchanga wa sentimita 3 hadi 5, na pevingi zile zile zikarudi. Pembeni tukaweka kingo za zege ili zisisambae. Safari hii mzee alivuta uzi na kupima mwinamo: sentimita 2 kwa kila mita 1, kuelekea pembeni, siyo kuelekea nyumbani. Getini tukakatisha mtaro wenye wavu wa chuma, unaomwaga kwenye shimo lililojazwa mawe, mbali na msingi na mbali na shimo la choo. Siyo kwa jirani! Gharama tusiiongelee.

Masika ya 2024, ile iliyotuletea na kimbunga Hidaya mwezi Mei, nilikuwa natoka na mwavuli kwenda tu kuangalia uwanja wangu. Maji yanaingia mtaroni, yanaondoka. Nilichukua video nikatuma kwenye grupu lile lile. Wa fensi aliisoma, akakaa kimya.

Kwa hiyo jamani, maji kwanza. Watu mnahangaika na dawa kila mwezi huku maji yamelala uwanjani, halafu mnasema dawa za siku hizi feki. Yaondoe maji, ndipo uende duka la pembejeo. Kwa ndago, dawa yenye glaifosheti inashuka mpaka kwenye viazi, lakini ipulizie kwenye majani mabichi yanayokua, siku isiyo na mvua wala upepo, vaa glovu, fungia kuku na watoto ndani, na urudie zikichipua. Chumvi inaharibu udongo wa maua yako na kula chuma cha geti. Kwa ukoga, punguza matawi jua liingie, sugua kwa brashi ngumu, kisha dawa ya klorini ya kufulia, sehemu moja kwa kumi za maji. Usiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi, hewa yake inaumiza mapafu. Mashine ya kuoshea gari inasafisha vizuri ila inarusha mchanga wa katikati ya pevingi. Ukimaliza, fagilia mwingine mkavu. Na fagia vumbi mara kwa mara, mbegu zikose pa kukaa. Lakini nasema tena, maji kwanza.

Usifumue uwanja mzima kwa hasira. Mwaga ndoo, weka alama ya chaki maji yanaposimama, fumua hapo. Na fundi usimmalizie hela zote jua likiwa linawaka. Yule mzee nilimbakizia kiasi mpaka mvua inyeshe. Alinuna kidogo. Mvua ilipokatika alikuja mwenyewe, akazunguka uwanja, akadai chake, nami nikamwongezea na ya soda.