Mkeo hana wivu, mwanangu, ana madai

Barua yenyewe, kwa kifupi:

"Shikamoo Shangazi. Mimi ni mtengeneza tovuti. Nimejifunza JavaScript, lugha ya kuandikia programu za tovuti, peke yangu usiku baada ya kazi, nikaanzisha blogu, blogu ikapata wasomaji, hatimaye mchapishaji akanitafuta nimwandikie kitabu cha wanaoanza. Mke wangu badala ya kufurahi amegeuka. Hataki kabisa niache kazi nimalize kitabu. Sura ya tatu niliyompa asome aliirudisha akisema haifanyi kazi, kumbe hakuhifadhi faili kabla ya kupakia ukurasa upya, jambo ambalo kila mtu analijua. Nilipoandika kwenye blogu kuhusu ugumu wa kuandika katika nyumba isiyokuelewa, akanuna. Mama yake naye anamtia maneno. Kitabu chenyewe kinachelewa kwa sababu kila nikimaliza sura, teknolojia imebadilika. Mchapishaji ameshasogeza tarehe mbele na mke wangu sijamwambia, maana atasema alijua. Donald Knuth, yule mwanasayansi mashuhuri wa kompyuta, ameandika vitabu maisha yake yote na mkewe hakumsumbua. Kwa nini wangu ananionea wivu? — Mwandishi Asiyeungwa Mkono."

Marahaba, mwanangu. Kufanya kazi mchana kutwa, kisha usiku ukae tena na maandishi, si mchezo. Na inauma ukimaliza sura na nyumbani pasiwepo wa kukupongeza. Pole kwa hilo.

Ila barua yako nimeirudia nikimtafuta huyo mwanamke mwenye wivu, sikumwona. Niliyemwona ni mtu aliyepewa sura ya ufundi asioujua, akaketi, akafungua kompyuta, akaandika msimbo wako mstari kwa mstari mpaka alipokwama, kisha akaja kukwambia amekwama wapi. Mwenye wivu hahangaiki hivyo. Mwenye wivu angekwambia "nzuri sana" bila kufungua hata ukurasa mmoja.

Hilo la faili tulitazame vizuri, maana ndipo kesi yako ilipoanguka. Wewe umehifadhi faili maelfu ya mara, vidole vinakwenda vyenyewe, hukumbuki tena kwamba ni hatua. Anayeanza anabadilisha rangi ya kichwa cha habari kwenye faili la CSS, ile lugha ya kupanga rangi na mwonekano wa ukurasa, anarudi kwenye kivinjari, anapakia upya, rangi ni ileile. Anajaribu tena, ileile. Anaanza kujiona mjinga, na mtu akishajiona mjinga anafunga kitabu na hakifungui tena. Wachapishaji makini huwatafuta wasomaji wa namna hiyo kabla kitabu hakijaenda mtamboni, wakae nacho wafuate kila maelezo, ili mashimo yaonekane mapema. Wewe unaandika kitabu cha wanaoanza, umempata anayeanza wa kweli ndani ya nyumba yako, amekufanyia kazi hiyo bila malipo, nawe umeipokea kama tusi. Kosa lilikuwa kwenye sura, mwanangu. Mkeo hakukosea kitu.

Kuhusu kuacha kazi, nasimama naye wazi. Umeniandikia ndoto yako yote na hukuandika popote kitabu kitaleta nini wala lini. Vitabu vya ufundi kwa wachapishaji wa kawaida humpa mwandishi mrabaha, yaani fungu lake la mauzo, ambao mara nyingi ni asilimia 10 hadi 15, na asilimia hiyo hupigwa kwenye fedha anazopokea mchapishaji baada ya wauzaji kuchukua chao, wala si kwenye bei iliyobandikwa jaladani. Kama ulipewa malipo ya awali, hayo hukatwa kwanza kwenye mauzo, hivyo kitabu kinaweza kukaa sokoni muda mrefu kabla hujaona nyongeza yoyote. Wapo wanaojichapishia wenyewe kwa mfumo wa kielektroniki, na hao hubaki na sehemu kubwa zaidi ya kila nakala, lakini uhariri, jalada na kutafuta wanunuzi vyote vinakuwa juu yao. Watu wengi wa fani yako kitabu huwalipa kwa mlango wa pembeni: wanapata wateja wazuri zaidi, wanaitwa kufundisha, wanapandishwa cheo. Hayo yote yanamtaka mtu aliyebaki kazini. Mkeo alipokataa alikuwa ameshapiga hesabu ambayo wewe umeikwepa.

Sasa huyo Knuth uliyemtanguliza kama ngao. Mwaka 1962 alikubali kuandika kitabu kimoja. Kikamvimbia mkononi kikawa mfululizo, juzuu la kwanza likatoka 1968, na kazi yenyewe haijakamilika hadi leo. Miaka hiyo yote ya mwanzo hakuwa ameacha ajira, alikuwa akifundisha chuo kikuu. Tena tangu Januari 1990 hana anwani ya barua pepe, aliiacha makusudi apate utulivu wa kazi ndefu. Kama unataka kumfuata, anza hapo. Kwa maana katika barua yako, sehemu ile ndefu niliyoikata hapo juu, umenieleza usiku unaoingia kutazama idadi ya waliosoma makala zako na kuwajibu wanaokupinga, kisha ukasema huna muda wa sura ya sita. Hizo saa mkeo anaziona. Anajua kwamba mlango ukifungwa si kila mara kitabu kinaandikwa. Na kuhusu mke wa Knuth, yaliyosemwa ndani ya nyumba yao hatukuyasikia, wewe wala mimi.

Teknolojia kubadilika ni kweli, na wapo waandishi walioumizwa nayo vibaya. AngularJS, zana ya Google ya kujengea programu za tovuti, ilitoka 2010, vitabu vikaandikwa, watu wakajifunza. Septemba 2016 likaja toleo lililojengwa upya kabisa, lisilopatana na lile la zamani, na mwisho wa 2021 Google wakaacha kabisa kulihudumia la kwanza. Lakini wewe umesema kitabu chako ni cha wanaoanza. Muundo wa HTML, lugha inayojenga ukurasa wenyewe, jinsi CSS inavyochagua kipengele, jinsi kivinjari kinavyoomba ukurasa kwa seva, kompyuta inayoutunza, hayo hayaondoki kila msimu. Kurasa za mwanzo za Tim Berners-Lee, aliyebuni mtandao wa tovuti, pale CERN, kituo cha utafiti wa fizikia huko Uswisi, za mwanzoni mwa miaka ya 1990, zinafunguka kwenye kivinjari cha leo. Chagua matoleo utakayofundisha, yataje kwenye utangulizi, ufunge mjadala. Sura unazozirudia kila mara unazirudia kwa woga. Kitabu kikitoka kitahukumiwa, na wewe kwenye blogu umezoea kurekebisha makala hata baada ya watu kuisoma. Woga huo ni wa kawaida, ila usimbebeshe mkeo.

Blogu ndiyo iliyoniudhi kuliko yote. "Nyumba isiyokuelewa" ina watu ndani yake, na wanaokufahamu wanajua ni nani. Umemsema mkeo mbele ya wageni, hukumwomba ruhusa, naye hawezi kujibu kwa sababu blogu si yake. Halafu unashangaa kununa. Mimi ningefanya zaidi ya kununa. Ukitaka kuandika juu ya uchovu wako, andika uchovu wako. Wa nyumbani watajwe kwa hiari yao.

Mama mkwe umemtaja kwa sentensi moja, bila kunipa neno lake hata moja. Angekuwa amesema la kukutukana ungelinukuu. Nashuku alimuuliza binti yake swali la haki, nani analea na nani analipa huku mwenzako akijiendeleza, na jibu halikukufurahisha.

Siku hizi ndoa nyingi zinanijia na neno hilo, kujiendeleza, kujijenga, kukua. Mmoja anakua, mwingine anashikilia nyumba ili mwenzake akue, na huyo aliyeshikilia akiuliza zamu yake lini anaitwa kikwazo. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Usiku uliokuwa ukijifunza JavaScript, kuna mtu alikuwa macho na watoto, au alifunika chakula, au alijibu simu za ndugu zako kwamba una kazi. Hukumtaja popote katika barua yako, wala hukuniambia yeye anafanya kazi gani na angependa kujifunza nini. Ndoa za leo haziui upendo kwa ugomvi mkubwa. Zinauua kwa mmoja kuhesabu jasho lake peke yake, mwaka baada ya mwaka, mpaka mwingine achoke kukumbusha. Na wanawake nao wanafanya hivyo, nimeshawaandikia wengi. Anayekua peke yake siku moja anageuka nyuma hamwoni mtu, halafu anasema alikosa wa kumuunga mkono.

Kwa hiyo sikiliza. Tarehe iliyosogezwa mwambie leo jioni, kabla hajaisikia kwa mwingine. Mficha uchi hazai. Atasema alijua, na utanyamaza, kwa sababu kweli alijua. Mkataba umwekee mezani ausome wote, mrabaha, tarehe, na kifungu kinachosema litakalotokea ukishindwa kukabidhi. Kazini usiache. Pangeni naye jioni mbili au tatu za wiki ziwe za kitabu, zenye saa ya kuanza na saa ya kumaliza, na laptopu ikifungwa imefungwa. Jioni nyingine ziwe zake, afanye alilokuwa ameliahirisha, na wewe ndiye ubaki na watoto na nyumba. Takwimu za blogu uzitazame mara moja kwa wiki.

Sura ya tatu irekebishe, weka hatua ya kuhifadhi faili pale inapostahili, kisha mwombe asome na ya nne. Akikubali, jina lake liingie kwenye shukrani pamoja na wahakiki wengine, na kazi aliyoifanya itajwe ni ipi. Usimwekee ile sentensi ya "kwa uvumilivu wake", maana hakukaa akivumilia tu, amesoma na amekosoa. Akikataa usimlazimishe, ana haki hiyo.

Ile makala ya blogu iondoe sasa hivi, kabla hujamjibu mhariri wako.