Hedi ya 4A-FE: kabla hujamruhusu fundi apanue poti, soma hapa

Mkuu, nimeliona swali lako. Una Corolla 111 yenye injini ya 4A-FE, hedi (kichwa cha injini chenye milango ya hewa, yaani valvu) imefunguliwa kwa sababu ya gasketi iliyoungua, na fundi amekuambia kwa laki sita atapanua njia zote za hewa (poti), azing'arishe kama kioo, na gari litaongeza nguvu za farasi 30. Unauliza umpe hela au la. Usimpe, angalau si kwa kazi hiyo. Ada ya kujifunza somo hili nilishailipa mimi, kwa hiyo nivumilie nieleze kwa urefu.

Kama miaka kumi na minne iliyopita, nikiwa Iringa, nilikuwa na 4A-FE kama yako. Nikanunua grainda ndogo ya mkono na vichwa viwili vya kukatia vya kabaidi, nikajifungia bandani siku nne. Poti nane za kuingiza hewa nilizipanua zote mpaka mstari wa gasketi ya manifodi (bomba la matawi linaloleta hewa kwenye hedi). Kisha msasa: 80, 180, 400, nikamalizia na 600 uliochovywa mafuta ya taa. Ziling'aa mpaka nikaona meno yangu. Jirani aliitwa aje ashuhudie.

Gari lilipowaka mlio ulikuwa mtamu kweli, na utamu ukaishia hapo. Chini ya mizunguko 3,000 kwa dakika likawa zito kama limepakia magunia ya mahindi. Mlima Kitonga, nilipokuwa napanda kwa gia ya tatu na watu wanne ndani, nikaanza kuomba ya pili. Mafuta nayo yakaongezeka. Juu ya 5,500 nadhani palikuwa na unafuu kidogo, lakini niambie mkuu, kwa siku unakaa dakika ngapi juu ya 5,500?

Kosa langu ni kwamba niliichukulia hewa kama maji ya tangi: weka bomba nene, yatashuka mengi. Ndani ya injini hewa haitiririki mfululizo. Inavutwa, inakuta valvu imefungwa, inasimama, inavutwa tena. Kwa mizunguko 6,000 jambo hilo linatokea mara 50 kwa sekunde kwenye kila silinda. Na valvu ya kuingiza haifungi pale pistoni inapofika chini. Inafunga baadaye kidogo, pistoni ikiwa imeshaanza kupanda. Katika kipande hicho kifupi, hewa iliyokuwa na kasi kwenye poti inaendelea kujisukuma ndani kwa uzito wake yenyewe, hata kama pistoni inapanda. Hewa iliyozubaa inasukumwa kurudi ilikotoka. Kasi ndiyo mali yako hapo, na ukipanua poti ovyo unaigawa bure.

Piga hesabu nami. Pistoni ya 4A inashuka milimita 77 na kupanda 77. Kwa mizunguko 2,000, mwendo wake wa wastani ni kama mita 5.1 kwa sekunde. Chukulia, kwa mfano tu, kwamba njia mbili za silinda moja zikijumlishwa zina moja ya tano ya eneo la silinda. Hewa kwenye poti itakwenda mara tano ya mwendo wa pistoni, yaani mita 25 na ushee. Panua eneo hilo kwa asilimia 20 na umeshuka hadi 21. Hapo ndipo gari langu lilipokuwa likizama kila nilipotoka kwenye tuta.

Toyota wenyewe walipita njia hii. 4A-GE ya mwaka 1983, ndugu wa michezo wa injini yako, ile ya gari la AE86, ilitoka na poti kubwa, na kwa kuwa zilikuwa zinalegea kwenye mizunguko ya chini wakaifungia T-VIS, vipepeo vinavyoziba nusu ya njia mpaka injini ichangamke. Mwaka 1989 wakatoa hedi yenye poti ndogo, T-VIS wakaitupa, mgandamizo (kiasi silinda inavyobana hewa) wakaupandisha kutoka 9.4 hadi 10.3. Kwa soko la Japani injini ikatoka farasi 120 hadi 140. Si poti peke yake iliyofanya kazi hiyo, mgandamizo nao ulichangia sana, lakini waliokuwa na maabara na pesa za kutosha walipotaka nguvu zaidi walipunguza tundu. Hilo lilinikaa kichwani.

Sasa, hewa inakwama wapi hasa? Karibu na valvu. Ingiza kidole kwenye poti kutoka upande wa manifodi: njia imenyooka, pana, haina tatizo. Ukikaribia valvu inapinda kushuka, na hapo kuna kona mbili, ya nje iliyo ndefu na ya ndani iliyo fupi. Unajua daladala likiingia kona kwa kasi abiria wote wanavyolalia upande mmoja? Hewa nayo hivyo hivyo. Inajazana upande wa nje, na ile kona fupi ya ndani inabaki na mvurugiko tu. Kisha chini kidogo ya siti (pete ambayo valvu hukalia inapofunga) utakuta ukingo, mahali ambapo kikatio cha kiwandani kiliishia na umbo la kusubuliwa likaanzia. Upapase kwa ukucha, utausikia. Kwenye hedi nyingi za Kijapani nilizofungua, ukingo huo na ile kona fupi ndivyo vyenye faida kubwa kuliko poti nzima iliyobaki.

Hedi ya pili nilinunua iliyotumika, ile ya kwanza nikaigeuza ya mazoezi. (Kwenye mazoezi hayo nilitoboa mpaka njia ya maji. Ukuta wa alumini hautoi taarifa. Unasikia tu mlio wa grainda umebadilika, na umeshachelewa.) Safari hii nilishughulika na ukingo ule tu. Nikarudishia valvu za zamani mahali pake ili zilinde siti, nikatoka upande wa poti kwa kichwa chembamba, nikauondoa ukingo mpaka siti na poti zikaungana bila ngazi. Kona fupi sikuichimba, niliilainisha tu ili ipinde taratibu. Wengi hukosea hapo: wanaishusha kona kwa sababu kikatio kinafika kwa urahisi, halafu inakuwa kali kuliko mwanzo. Koo la poti chini ya siti liache kwenye asilimia 85 hadi 90 ya kipenyo cha valvu. Ukizidisha, siti inabaki haina nyama.

Gaidi za valvu (vibomba vinavyoongoza shina la valvu), na sizungumzii wale wa porini, zina kinundu kinachojitokeza ndani ya poti. Upande wa kuingiza unaweza kukichonga kiwe na umbo la mtumbwi. Upande wa ekzosi, yaani wa kutoa moshi, kiache kama kilivyo, maana kinasaidia kupoza valvu inayopigwa na moto.

Kung'arisha sasa. Gari lako linapuliza petroli ndani ya poti, na sehemu ya petroli hiyo inagusa ukuta. Ukuta wenye ukwaru mdogo unasaidia matone yachanganyike tena na hewa, wakati uliong'arishwa unayaacha yakusanyike na kuteleza kama maji kwenye jani la mgomba. Mimi upande wa kuingiza naishia msasa namba 80, basi. Ekzosi ing'arishe ukipenda, masizi yatachelewa kushika, lakini usitegemee farasi kutoka hapo. Kwenye manifodi ya kuingiza, pitisha kidole kufuata mwendo wa hewa: usikute ukingo unaoitazama hewa usoni. Kwenye ekzosi, bomba likiwa pana kidogo kuliko poti, liache. Ngazi hiyo inauzuia moshi kurudi nyuma.

Kazi ambayo ningekulipia kwa furaha ni ya siti. Siti yenye pembe tatu, 30, 45 na 60, inaipokea hewa taratibu badala ya kuikunja ghafla. Mguso wa valvu na siti uwe na upana wa milimita 1.0 hadi 1.4. Vijana wa mbio huupunguza zaidi upande wa kuingiza, ni sawa kwa gari linalofunguliwa kila mwezi. Ekzosi usiiguse hivyo: joto la valvu linatoka kupitia siti, ukiifanya nyembamba utaiunguza valvu. Na kama una mpango wa kuhamia gesi kama wenzetu wengi wa Dar, acha nyama zaidi, kwa sababu gesi ni kavu na siti inaliwa haraka.

Halafu kuna hili, na tafadhali lisome mara mbili, kwa sababu nimeona hedi tatu zimekufa hivi mikononi mwa mafundi wenye majina. Ukikata siti au kusaga valvu, valvu inazama juu kidogo kwenye hedi, na mkia wa shina lake unasogea karibu na kamshafti (mhimili unaosukuma valvu zifunguke). Nafasi kati ya nundu ya kamshafti na shimu (kisahani cha kurekebisha nafasi hiyo) inapungua. 4A-FE haina kitu cha kujirekebisha chenyewe, ina shimu juu ya tapeti (kikombe kinachofunika mkia wa valvu). Ikiwa baridi inatakiwa milimita 0.15 hadi 0.25 kwa valvu za kuingiza, na zaidi kidogo kwa ekzosi. Fundi akisaga kisha akarudishia shimu zilezile, injini ikiwa baridi itawaka vizuri tu. Ikipata moto shina linarefuka, valvu haikai tena kwenye siti, mgandamizo unavuja, na baada ya wiki kadhaa valvu ya ekzosi imeungua. Lawama watapewa wauza mafuta.

Hesabu yake si ngumu. Umepima kwa fila geji (vibati vya kupimia nafasi) ukapata 0.08 na unataka 0.20, tafuta shimu nyembamba kwa 0.12. Andika unene wa shimu zote 16 kwenye karatasi kabla hujachomoa chochote. Na kwenye injini hii kamshafti moja inaendeshwa na mkanda, ya pili inaendeshwa na ya kwanza kwa gia yenye springi ndani. Kabla hujaitoa ile yenye springi, funga boliti ya kuishikilia gia. Ukisahau, springi itafyatuka na jioni yako imeharibika.

Uso wa hedi nao upimwe kwa rula ya chuma iliyonyooka. Upande wa bloku (mwili wa injini), mwisho wa kupinda ni milimita 0.05. Kwa kuwa gasketi yako iliungua kwa joto, hapa pengine ndipo ugonjwa wako ulipo, na hakuna poti itakayoutibu.

Mwenzetu mmoja aliandika kwamba kupanua poti kunarudisha nguvu inayopotea kwenye miji ya juu. Hapana. Iringa tuko zaidi ya mita 1,500, shinikizo la hewa ni pungufu kuliko la Dar kwa kama asilimia 16 au 17, na injini haiwezi kuvuta hewa ambayo haipo. Poti nzuri itaingiza vizuri zaidi hiyo kidogo iliyopo. Kinachoweza kusaidia huku ni mgandamizo wa juu kidogo, kwa sababu hewa nyembamba inachelewesha injini kugonga (mafuta kulipuka kabla ya wakati), lakini ukishuka Dar na gari hilo usikanyage kwa pupa.

Utajuaje kama umefaidika? Usitumie masikio, masikio yanapenda kelele. Mimi ujazo wa kila poti naupima kwa bomba la sindano la mililita 60 kutoka duka la dawa, valvu ikiwa imefungwa na kupakwa grisi, ili silinda zote nne zifanane. Kufanana huko kuna thamani kuliko ukubwa. Wenye mashine ya kupimia mtiririko hupima kwa mvuto wa inchi 28 za maji (kipimo cha nguvu ya kufyonza hewa), kwa hiyo akikuonyesha karatasi muulize alipima kwa inchi ngapi, na valvu ikiwa imefunguliwa milimita ngapi. Barabarani nilitumia saa: gia ya tatu, kutoka mwendo wa kilomita 40 hadi 100 kwa saa, sehemu tambarare, mara sita kwenda na mara sita kurudi. Hedi yangu ya pili ilishusha wastani kutoka sekunde 13.4 hadi 12.7, na Kitonga nikarudi gia ya tatu. Ni kama farasi watano au sita hivi. Thelathini atakupa kwa mdomo.

Kwa hiyo laki sita yako iende hivi: kwanza hedi ipimwe uso na ikwanguliwe kama imepinda, kisha siti zikatwe pembe tatu na fundi mkereza mwenye mashine, si kwa kusugua na pesti na fimbo. Gaidi zikilegea, badilisha kabla ya siti kukatwa, siyo baada. Sili za valvu mpya, gasketi nzuri. Ule ukingo chini ya siti mwambie auondoe ukiwa umesimama pale, na akishika kona fupi kwa pupa mnyang'anye grainda. Ikibaki hela, nunua shimu. Ukishapima nafasi za valvu zote 16, ziweke hapa pamoja na unene wa shimu zilizokuwepo, nitakufanyia hesabu.