Re: Lazima platinamu kugeuza pumba kuwa dizeli?
Mkuu si lazima kabisa, nikeli inatosha kuwa kichocheo, yaani kitu cha kuharakisha mmenyuko wa kikemikali. Ukichoma pumba nyuzi kama 500 bila hewa unapata yale mafuta meusi yananuka moshi, makali kama siki, oksijeni yake inaweza kufika 40% ya uzito ndo maana hayawaki vizuri na yakikaa yanazidi kuwa mazito. Sasa unayapitisha kwenye kichocheo cha nikeli iliyochanganywa na molibdeni (metali nyingine) pamoja na hidrojeni ya presha kubwa, kichocheo kile kile wanachotumia viwanda vya kusafisha mafuta kutoa salfa, oksijeni inatoka kama maji. Tatizo ni masizi aisee, yanaziba kichocheo haraka mpaka uyachome kwa hewa ndo ukitumie tena, na hidrojeni nayo sio bure.