Amplifaya mpya haichomekwi ukutani moja kwa moja: balbu kwanza, spika mwisho

Usichomeke hiyo plagi. Na hizo wufa, spika za besi, ziondoe mezani, zipeleke chumba kingine ikibidi.

Umesema umemaliza kuunda amplifaya ya jozi ya transista za mwisho 2SC5200 na 2SA1943 kila chaneli, transfoma ya duara ya 30-0-30 (volti 30 kila upande wa waya wa kati), kapasita mbili za mikrofaradi 10,000, na leo unataka kuiwasha ikiwa imefungwa wufa za omu 8 "tuone kama inaimba". Ukaongezea swali la mvumo, la unene wa waya na la boksi. Hayo yangoje.

Piga hesabu kwanza mkuu. Volti 30 za transfoma zikipita kwenye diodi na kapasita hazibaki 30. Zidisha kwa 1.41, toa volti moja hivi ya diodi, unapata kama 41 kwenye reli chanya na 41 kwenye reli hasi, yaani nyaya mbili zinazolisha sakiti. Bila mzigo hupanda hadi 44 au 45, kwa hiyo kama kapasita zako zimeandikwa 50V ziko ukingoni, weka za 63V. Sasa transista ya mwisho ikifa, mara nyingi inapiga shoti kati ya miguu yake miwili, kolekta na emita. Hapo reli nzima inaingia kwenye spika ikiwa DC, umeme wa mwelekeo mmoja. Koili ya wufa ya omu 8 ukiipima kwa multimita inasoma kama omu 6. Gawanya 41 kwa 6, ni karibu ampea 7. Hizo ni wati 280 za joto tupu, hakuna hata noti moja ya muziki ndani yake. Koni inaruka upande mmoja na kuganda hapo hapo, gundi ya koili inaanza kunuka, na usipochomoa ndani ya sekunde chache unabaki na sumaku ya kuzuilia mlango.

"Lakini nimeweka fyuzi." Fyuzi iko pale nyumba isiungue. Transista inakufa ndani ya milisekunde wakati fyuzi bado inapata joto, kwa hiyo hapo ni transista ndiyo inayoilinda fyuzi. Na haifi peke yake: inaondoka na mwenzake, na draiva (transista ndogo inayoisukuma), na rezista za emita, halafu ukibadilisha moja ukawasha tena bila kuona draiva iliyokufa, mpya nayo inakwenda.

Wanaopoteza watu ni hawa mafundi wa video. Anachomelea waya wa mwisho, anachomeka ukutani, muziki unalia, anaweka kidole kwenye ingizo kuonyesha "iko hai". Sehemu ya moshi imekatwa. Mwingine nimemwona anafundisha kuweka kipande cha waya badala ya fyuzi "kwa sababu zinakatika sana". Zinakatika sana kwa sababu kuna shoti, bwana! Mtu wa namna hiyo akishakusanya watazamaji wake, gharama ya spika ni yako wewe. Haya, niiteni mwoga. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio.

Balbu inafanyaje kazi? Chukua balbu ya zamani yenye uzi ndani, wati 60 au 100, soketi yake, na uikatishe kwenye waya wa moto, yaani umeme upite kwenye balbu ndipo ufike kwenye transfoma. LED na zile za kubana matumizi hazifai kabisa, zina sakiti yake ndani. Uzi ukiwa baridi una omu makumi machache tu, ukipata moto omu zinapanda zaidi ya mara kumi. Ndiyo maana amplifaya isiyo na shoti inapata volti karibu zote, lakini yenye shoti inaiwasha balbu na mkondo unagota hapo: kwenye umeme wa volti 230, balbu ya wati 60 haiwezi kupitisha zaidi ya ampea 0.26. Kwa transfoma kubwa kama yako anza na ya wati 100.

Unachotakiwa kuona ni mmweko wa nguvu wakati kapasita zinajaa, kisha balbu inafifia ndani ya sekunde moja au mbili mpaka inazima au inabaki na wekundu hafifu. Ikiendelea kuwaka vizuri, chomoa. Usikae unaitazama ukisema labda itatulia. Haitatulia.

Nenda kwa hatua. Kwanza transfoma peke yake kupitia balbu, pima 30 na 30 za AC. Balbu ikiwaka hapo, kabla hujamlaumu aliyekuuzia, angalia boliti ya katikati ya hiyo transfoma ya duara. Ikigusa chasisi juu na chini kwa pamoja inakuwa mzunguko mmoja uliopigwa shoti, na transfoma inaungua bila kosa lake. Kisha ongeza diodi na kapasita, pima reli zote mbili ukilinganisha na sifuri, yaani waya wa kati. Zisipolingana, waya wa kati wa transfoma haukushika.

Kabla ya kuunganisha bodi, weka multimita kwenye mlio, ncha moja kwenye kolekta, nyingine kwenye hitisinki, bamba la kupoza transista. Isilie. Mgongo wa 2SC5200 ni kolekta, yaani reli yenyewe, na kipande kidogo cha chuma kilichobaki ukingoni mwa tundu la skrubu kinatosha kutoboa mika, kile kipande chembamba kinachozuia umeme kati ya transista na hitisinki. Kila transista, si moja kwa niaba ya wenzake.

Kisha bodi, chaneli moja moja, ingizo limeunganishwa na sifuri, matokeo (pale panapofungwa spika) hayana kitu. Mahali pa fyuzi za reli weka rezista za omu 47 wati 5. Hizo ni kinga ya pili na pia kipimo: volti 2.35 juu yake maana yake miliampea 50 zinapita. Trimpoti ya bayasi, ile rezista ndogo ya kuzungusha inayopanga mkondo wa transista za mwisho pasipo muziki, iwe imezungushwa upande wa mkondo mdogo kabla hujawasha. Upande gani inategemea sakiti yako, fuata mchoro. Pima DC kwenye matokeo. Chini ya milivolti 50 ni nzuri, hadi 100 inavumilika. Ukisoma volti 20 au 40, kuna kosa, na ungekuwa umefunga wufa sasa hivi ungekuwa unafungua madirisha.

Mambo yakiwa sawa, toa balbu, rudisha fyuzi za kweli, weka bayasi. Kwa rezista za emita za omu 0.22, milivolti 10 juu ya moja ni kama miliampea 45. Iache dakika ishirini ipate joto, pima tena. Ikiendelea kupanda bila kusimama, transista inayosoma joto haijagusa hitisinki. Na ukiona rezista ya omu 10 pale kwenye matokeo, iliyofuatana na kapasita ya nanofaradi 100, inaungua wakati hakuna muziki, amplifaya inatetemeka kwa masafa ya juu usiyoyasikia.

Balbu haikulindi wewe, sikiliza hapo. Hata ikiwa imezima, upande wa ukutani bado una volti zote. Chasisi iwe na waya wa ethi uliobanwa kwa skrubu yake. Ukichomoa, kila kapasita bado ina juli zaidi ya 8. Imalize kwa rezista ya omu 220 wati 5 kwa sekunde kumi na tano, kisha pima kuhakikisha. Bisibisi inatoa cheche na kula miguu ya kapasita.

Mzigo wa kwanza uwe rezista nne za omu 33 wati 10 zilizofungwa sambamba, jumla omu 8.25. Tuma toni ya hezi 100 kutoka kwenye simu, panda polepole: volti 8 za AC ni karibu wati 8, volti 18 ni karibu 40, na hapo rezista zimefika mwisho, usikae. Baada ya hapo spika mbovu ya redio, ile usiyoipenda. Pima DC tena ikiwa ya moto. Ikibaki chini ya milivolti 50, lete wufa.