Mjomba, mbona limeisha?

Saa nane kasoro usiku, Desemba iliyopita, mpwa wangu aliyekuja likizo alivua hedifoni akanigeukia kama mtu aliyeuziwa samaki aliyelala.

"Mjomba, mbona limeisha?"

Majina ya watengenezaji yalikuwa yanapanda kwenye kioo. Tulikuwa tumeanza saa moja na nusu, baada ya kula. Toa saa nzima ya umeme kukatika, toa chai na maneno ya hapa na pale: gemu lenyewe la kompyuta, Oxenfree, halikutimiza saa tano. Yeye amezoea yale ambayo mtoto anayaanza yuko kidato cha kwanza na kuyamaliza akiingia cha pili.

Swali hilo naulizwa kila nikimshauri mtu anunue gemu fupi. Hela yangu itarudi kweli? Nimecheza mafupi na marefu ya kutosha, na jibu langu ni ndiyo, ila fupi lina adabu zake. Ukilicheza kwa adabu za refu, utaona umeibiwa. Najua kwa sababu mimi mwenyewe, mara ya kwanza, niliona nimeibiwa na gemu hili hili.

Kwa asiyelijua, Oxenfree lilitoka Januari 2016. Ni kazi ya kwanza ya Night School Studio, kampuni ndogo ya California iliyoanzishwa mwaka 2014 na binamu wawili, Sean Krankel na Adam Hines. Alex, msichana wa sekondari aliyetia nywele rangi ya buluu, anapanda kivuko cha mwisho kwenda Edwards, kisiwa cha kubuni huko Oregon, Marekani, kukesha ufukweni na wenzake. Yuko na Ren, rafiki yake wa tangu utotoni, na Jonas, ndugu yake wa kambo ambaye ndiyo kwanza wanakutana. Kisiwani wanawakuta Nona na Clarissa. Clarissa alikuwa mpenzi wa Michael, kaka yake Alex aliyekufa maji, na hilo peke yake lingetosha kuharibu usiku.

Sasa, kuna pango, na Alex ana redio ndogo ya mkononi. Ukiizungusha ukapata mawimbi fulani mle pangoni, kitu kinafunguka. Kuanzia hapo wanatawanyika, muda unajirudia kama kanda iliyokwama, na kuna ambao macho yanawabadilika wakaanza kusema kwa sauti isiyo yao. Sisi watu wa pwani hatuhitaji maelezo marefu. Mpwa wangu alitazama mara moja, akasema, "Huyu kapandisha," akaendelea.

Jina la gemu nalo lina mambo. Limetokana na ukelele wa watoto wa Kimarekani kwenye mchezo wa kujificha, wa kuwaambia waliojificha kwamba tokeni, hamtakamatwa tena. Ni kombolela yetu kabisa. Unakumbuka umeshakamatwa, umesimama pembeni, roho yako yote iko kwa yule mwenzenu mmoja aliyebaki gizani, kwamba atachomoka agonge kopo mkombolewe wote? Ukikumbuka hisia ile, umeshawaelewa waliomo kisiwani humo, walio hai na wasio hai. Zaidi ya hapo sisemi, nisije nikakuharibia.

Kosa langu la kwanza lilikuwa hili. Nililinunua kwenye punguzo, halikufika elfu kumi, nikawa nalicheza kila nikirudi kazini, nusu saa nusu saa, huku simu iko pembeni inaita. Ilinichukua wiki mbili. Nilipofika mwisho sikumbuki Nona ni nani, na yale matatizo ya Clarissa niliyaona kama kelele za jirani. Nikalifuta kwenye kompyuta na kumwambia kila mtu kwamba ni gemu zuri kwa macho, halina nyama.

Ni hadithi ya usiku mmoja. Vijana wanaingia kisiwani jioni na wanatakiwa watoke asubuhi. Kulikata vipande vya wiki mbili ni sawa na kwenda kusimuliwa hadithi na bibi, ukamkatiza kila baada ya sentensi tatu ukaondoka, halafu ukarudi keshokutwa na kulalamika kwamba bibi hajui kusimulia. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ndio ninaousisitiza kuliko yote: gemu la saa nne au tano litafutie usiku wake. Maliza kazi, kula, oga, zima bando la simu, anza. Ukishindwa, usiku mbili mfululizo. Zikizidi hapo, liache kwanza, hujapata nafasi.

Kitu cha pili ni mazungumzo, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wengi wanapolikosea gemu hili. Mle ndani hupigani na mtu. Unatembea na unaongea. Mwenzako akisema neno, juu ya kichwa cha Alex yanatokea majibu, mara nyingi matatu, kila moja na kitufe chake. Yanakaa kidogo halafu yanafifia. Huku nyuma miguu inaendelea kutembea, Ren anaendelea na porojo zake, hakuna kinachokusubiri. Adam Hines aliwahi kuandika kwenye kampuni ya Telltale, ambako gemu zao ziliujua vizuri uchaguzi wa maneno, lakini kule mara nyingi ulikuwa unasimama kusikiliza na kujibu. Humu unajibu huku unatembea, kama unavyoongea na mtu mkienda sokoni.

Mpwa wangu Kiingereza anakisoma, ila polepole. Mapema kabisa, njiani, Jonas akamuuliza Alex habari za Michael. Majibu yakatokea. Kijana akasoma la kwanza, akaanza la pili, yakafifia yote.

"Aa! Yamepotea. Mjomba rudisha."

"Hayarudi."

"Sasa sijamjibu!"

Kwenye kioo Jonas aliupokea ule ukimya kama ulivyo, wakaendelea kupanda kilima. Nikamwambia: mtu akikuuliza habari za marehemu wako nawe ukanyamaza, si umeshamjibu? Akanitazama, akakitazama kioo. Baada ya hapo aliacha kukimbizana na vitufe. Nilimwona mara mbili ameyasoma majibu yote, ana muda, na akayaacha yafifie kwa makusudi. Mara moja ilikuwa ni kwa Clarissa, na nadhani alifanya vizuri kuliko nilivyofanya mimi, maana mimi nilimjibu ovyo.

Basi: washa maandishi yapite chini ya kioo, jibu likikupita liache lipite, na usifungue mtandaoni kutafuta jibu lipi linaleta mwisho mzuri. Gemu refu linakusamehe ukitafuta njia za mkato, kwa kuwa bado utabaki na saa arobaini za kuzurura. Fupi ukishalifungulia majibu, umebaki na nini?

Sauti nayo usiidharau. Muziki wake umetungwa na mtu anayejiita scntfc, na sehemu kubwa yake ni redio: mikwaruzo, sauti ya mtu inayokuja na kuzama, wimbo wa zamani unaokatika. Babu yangu Pangani alikuwa na redio ya masafa mafupi, ile ya kuzungusha. Usiku alikuwa akitafuta stesheni kidogo kidogo, kwa ncha za vidole, na sisi wajukuu tumelala mkekani tunasikia Kiarabu, Kifaransa, mluzi, kisha kimya, kisha mtu anasoma habari kwa lugha tusiyoijua. Nilikuwa naogopa sana ile sehemu ya kati, ya mluzi, na sikuwahi kumwambia mtu. Alex alipozungusha redio yake mara ya kwanza nimevaa hedifoni, nilirudi mkekani. Mara ya kwanza nililicheza kwa spika za kompyuta, feni inazunguka kichwani. Sikusikia chochote. Kama hedifoni ni moja na mko wawili, kila mtu achukue sikio lake. Ndivyo tulivyofanya mpaka umeme ulipokatika.

Ulikatika saa tatu hivi. Kompyuta yangu betri imechoka, ukikatika nayo inazima. Tukakaa gizani Ngamiani, hapa Tanga, vyura wanalia mtaroni, na mpwa wangu akaniuliza kama ni kweli Toten kuna makaburi. Kweli, nikamwambia, kile kisiwa unachokiona ukisimama pale bandarini kina magofu ya misikiti na makaburi ya zamani, na hilo jina Wajerumani ndio waliokiita hivyo, maana yake wafu. Akanyamaza. Umeme uliporudi, gemu lilikuwa limejihifadhi lenyewe, lakini likaturudisha nyuma kidogo, kwenye maongezi tuliyokwisha kuyasikia. Safari hii kijana akachagua jibu jingine. Kwenye kisiwa ambacho muda wenyewe unajirudia! Sikujua nicheke au nikawashe taa ya ukumbini.

Lina kasoro, tusidanganyane. Kutembea ni polepole, na kuna kipindi unatumwa upande mmoja wa kisiwa halafu unarudishwa ule ule ulikotoka. Mafumbo yake karibu yote ni kuzungusha redio mpaka kitu kikubali. Na watu watano kwa saa zile ni wengi. Nona amebaki kama mgeni aliyekuja na mtu. Ukubwa wa gemu haukutosha kumlisha kila mmoja, na hapo anayelalamikia ufupi namkubalia.

Tuje kwenye hela, maana najua ndiko ulikokuwa unaelekea. Oxenfree lilipotoka liliuzwa dola 19.99, baadaye likashuka hadi nusu ya hapo, na kwenye punguzo hushuka zaidi. Watu wanagawa: dola kwa saa. Kwa hesabu hiyo fupi litashindwa siku zote. Lakini hakuna anayetoka kwenye pilau ya harusi akalalamika kwamba kula kumechukua dakika kumi na tano tu. Na hesabu ile inasahau bando. Red Dead Redemption 2, moja ya yale marefu, kwenye kompyuta linataka nafasi ya GB 150. Kwa mimi ninayeshusha vitu kwa simu niliyoiegesha dirishani, hiyo si gemu, ni mradi wa maendeleo. Oxenfree lilishuka usiku mmoja nimelala.

Na kuna ujanja mmoja naomba usiufanye. Steam, duka la magemu la mtandaoni, linakurudishia hela ukiomba ndani ya siku 14, kama hujacheza saa mbili. Utaratibu mzuri, umeniokoa na magemu yaliyokataa kufunguka. Lakini wapo wanaomaliza gemu la saa moja na nusu, wanalisifia, kisha wanadai hela yao. Mwaka 2021 mtengenezaji mmoja, Emika Games, alitangaza kuacha kazi kwa muda usiojulikana kwa sababu hiyo. Gemu lake la kutisha, Summer of '58, halikuwa linafika saa mbili, na waliorudisha walikuwa wengi. Kula, ukashiba, ukaomba nauli uliyokuja nayo. Sisi tuna jina la kitu hicho, na si werevu.

Fupi halimfai kila mtu. Kama unanunua gemu moja kwa mwaka, au umevunjika mguu na una miezi miwili kitandani, chukua refu kwa amani, hata mimi ningefanya hivyo. Na kama raha yako ni kuona mhusika wako anapanda daraja, anapata upanga mpya, anajenga nyumba, hapa hutaipata. Ila kama una kazi, una watoto, na jioni zako ni chache, yapo ya kuanzia. A Short Hike la 2019 unaweza kulimaliza kabla wali haujaiva, ikiwa mpishi hana haraka. Journey la 2012 ni kama saa mbili, halina neno hata moja linalotamkwa, na muziki wake uliingia kwenye kuwania tuzo ya Grammy. Portal la 2007 kwa wapenda mafumbo. Firewatch, lililotoka mwezi mmoja tu baada ya Oxenfree, nalo ni watu wawili wanaongea kwa redio ya upepo msituni Wyoming. Mwisho wake ulinikera, na bado naufikiria, kwa hiyo sijui niseme nini.

Mpwa wangu sikumjibu usiku ule. Nilikuwa na usingizi, na nilijua ningemhutubia. Kesho yake asubuhi, anakula mihogo, akasema bila kuulizwa kwamba pale kwa Clarissa huenda angesema kitu. Mchana akataka kujua kama ukianza upya mambo yanakuwa yale yale. Nikamwambia si yote. Gemu linakumbuka kwamba umeshawahi kupita. Akataka tuanze palepale. Nikakataa. Ukilirudia siku ya pili, maneno mengi bado yako masikioni, utakuwa unabonyeza tu ili yapite. Liache likae, usahau sahau.

Amerudi shule. Toleo la pili, Oxenfree II: Lost Signals la 2023, nimelishusha, halijafunguliwa. Lile la kwanza liko palepale kwenye kioo cha kompyuta, na amenikataza nisiliguse mpaka arudi mwezi wa sita.